Shokapu, Springi na Kuinua Gari: Yajue Haya Kabla ya Kwenda Gereji

Kila msimu wa ukaguzi, malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa magari hapa Dodoma yanafanana. Mtu amebadili shokapu au springi, ametumia fedha nyingi, gari limenyimwa stika ya ukaguzi, naye anaona ameonewa. Wengi wao walianza kwa nia njema. Walinunua gari lililotumika kutoka Japani, likawa linayumba kwenye upepo wa njia ya Singida au linalala mno kwenye kona za Nyang'oro ukielekea Iringa, wakataka litulie. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimzuii mtu kuboresha gari lake. Inachozuia ni kuingiza barabarani gari ambalo hali yake ni hatari kwa waliomo na kwa wengine.

Gari lenye umri wa miaka kumi na zaidi likianza kuyumba, mara nyingi halihitaji kifaa kikali kuliko kile cha kiwandani. Linahitaji kurudishwa kwenye hali yake ya awali. Anza na tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lililokauka halishiki lami hata kama kashata zake bado ni nene, na hakuna shokapu ya bei yoyote itakayolisaidia. Upepo nao ujazwe kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa makadirio ya kijana wa pancha.

Baada ya tairi, kagua bushi (mipira ya viungo) za loa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, kisha boljoint (kiungo cha duara cha gurudumu), tairodi (fito inayougeuza mguu kwa amri ya usukani) na stabilaiza linki (kiungo cha fito inayozuia gari kulala). Hapa ndipo ugonjwa ulipo kwa magari mengi tunayoyapandisha kwenye shimo. Bushi iliyopasuka inauacha mkono wa gurudumu ucheze kila unapofunga breki au kukata kona, na dereva anahisi usukani haumsikilizi. Yeye anasema, "Shokapu zimekufa," anabadili zote nne, kisha anarudi wiki ya pili akisema amepigwa dukani. Hakupigwa. Alitibu kiungo kisichoumwa.

Kuna jambo la kiufundi ambalo ningependa kila mwenye gari alisimamie kwa macho yake. Bushi nyingi za mpira zimeshikana na chuma ndani na nje, hivyo mkono ukipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojipinda. Fundi akikaza bolti zake gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unakazwa ukiwa katika mkao usio wake. Gari likishushwa chini, tayari umejisokota, na utabaki hivyo hadi uchanike mapema. Bolti hizo hushikizwa tu gari likiwa juu, kisha hukazwa kikamilifu uzito wa gari ukiwa juu ya matairi. Mwambie fundi wako kabla hajaanza kazi. Fundi mzuri hatakasirika.

Sasa shokapu zenyewe. Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Kwa hiyo anayenunua shokapu za gesi ili Probox yake isikae chini akitoka soko la mahindi Kibaigwa na magunia, ananunua kitu kisichohusiana na shida yake. Shida yake ni mzigo uliozidi. Tena shokapu za gesi zina mafuta ndani kama nyingine. Gesi imewekwa ili mafuta yasitoe povu yanapofanya kazi kwa muda mrefu kwenye barabara mbovu, na kwa njia zetu za vumbi za Nkuhungu au Ntyuka hiyo ni faida ya kweli. Zibadilishwe mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, pamoja na mpira wake wa kuzuia vumbi. Mpira huo ukichanika, mchanga hukaa kwenye fito ya shokapu na kuikata sili, mafuta yakaanza kuvuja. Bei yake ni ndogo, lakini hapa Dodoma ndio unaoamua shokapu itaishi muda gani. Shokapu iliyotobolewa, ikajazwa mafuta upya na kuchomelewa, tafadhali usiifunge.

Kukata springi ili gari lishuke hatukubali, na sitazunguka katika hili. Springi iliyokatwa inapoteza mwisho wake uliotengenezwa ukae sawasawa kwenye kiti chake. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, inaweza kuhama. Inakuwa ngumu kuliko shokapu ilivyoandaliwa kuituliza, na nafasi ya gurudumu kupanda inaisha, kwa hiyo kwenye tuta gari linagonga chuma kwa chuma. Anayesema gari lililoshushwa hivyo linashika barabara vizuri zaidi, alijaribu kwenye lami nyoofu.

Kuinua gari kwa spesa, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye springi au shokapu, kunaeleweka zaidi, maana si kila mtaa una lami. Hata hivyo, ukiinua, gari linakuwa jepesi kulala kwenye kona. Pembe za draivu shafti (fito inayozungusha gurudumu) na boljoint zinabadilika, na taa za mbele zinaweza kuanza kumpiga dereva wa mbele machoni. Mkao wa magurudumu nao unaharibika. Alaimenti ya mashine, yaani kupima na kunyoosha mkao huo, ni lazima, lakini kwa magari mengi madogo mashine inanyoosha tu tairi za mbele zinazoangalia ndani au nje. Mwinamo wake, yaani tairi kulala juu kuelekea ndani au nje, unabaki. Basi inua kidogo, tumia spesa zilizotengenezwa kwa gari hilo, wala si mbao au raba iliyochongwa mtaani, na taa zipimwe upya.

Kuhusu utaratibu: kadi ya gari haina mahali pa kuandika springi, hivyo kufunga shokapu mpya za aina ile ile hakuhitaji kibali. Ukigusa kilichoandikwa kwenye kadi, yaani rangi, injini, chasisi au aina ya bodi, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kwanza, kwa kuwa kumbukumbu za usajili ziko kwao. Mwenye bima kubwa aieleze kampuni yake kwa maandishi kuhusu mabadiliko aliyofanya na atunze nakala. Ikitokea ajali, gari linakaguliwa, mkaguzi anaandika alichokikuta, na taarifa hiyo inasomwa na bima.

Askari akikukuta na gari bovu atakuandikia kosa kwenye mashine na utapata namba ya kumbukumbu ya malipo. Faini hutozwa kwa kila kosa, na gari moja linaweza kuwa na makosa zaidi ya moja. Unalipa kwa namba hiyo, humpi askari fedha mkononi. Usipokubali kosa, una haki ya kupelekwa mahakamani ukasikilizwe. Kulipa faini hakulifanyi gari liwe zima: mkaguzi anaweza kulizuia lisiendelee na safari hadi litengenezwe, na ukiondoka nalo lilivyo, unaandikiwa tena. Wananchi wengi huchukulia risiti ya faini kama ruhusa. Si ruhusa.

Unapolileta gari baada ya matengenezo, njoo na kadi yake, leseni, bima iliyo hai, risiti za vifaa na karatasi ya alaimenti yenye vipimo vya kabla na baada. Vifaa vya zamani viache kwenye buti usivitupe, kwa sababu mara nyingi bushi iliyotolewa ndiyo inayotuonyesha kama upande wa pili nao umefika mwisho.