Kwa nini sabuni ya mche hugoma kwenye maji ya kisima?

Je, wajua kwa nini mche uleule wa sabuni unaotoa povu jingi ukifulia maji ya mvua, huganda na kuacha utando wa kijivu kwenye beseni ukifulia maji ya kisima? Watu wa Tanga wanalijua hilo vizuri, na lawama humwangukia muuza duka: "Umeniuzia feki." Mara nyingi sabuni haina kosa. Tatizo liko chini ya ardhi.

Sehemu kubwa ya Tanga mjini na viunga vyake imekaa juu ya mwamba wa chokaa na matumbawe ya kale. Mapango ya Amboni yalichimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa, na kule Pongwe chokaa huchimbwa kutengenezea saruji. Maji yakipita humo hutoka na kalsiamu na magnesiamu, ndiyo tunaita maji magumu. Ukitaka ushahidi, chungulia ukoko mweupe ndani ya birika la chai.

Sabuni ya mche ni mafuta, ya mawese au ya mise (kokwa za mchikichi), yaliyochanganywa na kostiki soda. Ikikutana na kalsiamu hushikana nayo, ikawa kitu kisichoyeyuka. Huo ndio utando. Maana yake, sehemu ya kwanza ya mche wako inaliwa na maji kabla haijagusa uchafu. Kisha utando wenyewe hunasa kwenye nguo, shati jeupe likafifia na taulo likakakamaa. Sabuni ya unga imeundwa kwa kemikali nyingine ambazo kalsiamu haizigandishi kirahisi, tena hutiwa viungo vya kuikamata kalsiamu mapema. Kwa hiyo mwenye kisima afue kwa unga. Masika yakifika na maji ya bati yakajaa pipa, mche unatosha kabisa, na mfuko utapumua. (Sabuni ya mafuta ya nazi ni ngangari zaidi: hutoa povu hata kwenye maji ya bahari.)

Povu lenyewe lisikuzuzue, lakini. Wingi wake si kipimo cha usafi. Kwenye mashine ya mlango wa mbele povu jingi ni hasara, kwa sababu nguo hushindwa kuangukiana na kusuguana, basi mashine hiyo inunulie unga wake usiofura.

Sasa tuje kwenye kanzu nyeupe iliyodondokewa na rojo la biriani. Ukilipaka doa sabuni ya mche, unjano unageuka wekundu papo hapo, na wengi hapo hushtuka wakidhani nguo imeungua. Haijaungua. Manjano ina rangi iitwayo kurkumini, ambayo hubaki njano kwenye asidi na kuwa nyekundu ikiguswa na alikali, yaani kinyume cha asidi, nayo sabuni ya mche ni alikali. Kamulia limau, utaona unjano unarudi. Doa, hata hivyo, bado lipo. Kurkumini haiyeyuki vizuri majini na hupenda kukaa kwenye mafuta, hivyo anza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili kuondoa mafuta, suuza, halafu anika kanzu doa likitazama jua. Mwanga huivunja rangi hiyo. Kwa doa hili mimi naliamini jua la adhuhuri kuliko chupa nyingi za dukani.

Ila ukishatumia limau, usikimbilie kumwagia jiki juu yake. Jiki ikikutana na asidi, iwe limau au siki, hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Suuza kwanza mpaka limau liishe. Na jiki ni ya pamba nyeupe tupu. Kanzu yenye darizi ya uzi wa hariri itaharibika.

Damu, maziwa ya mtoto na jasho vina protini, nayo protini ikipata maji ya moto hugandamana na uzi. Loweka kwenye maji baridi, na tafuta unga ulioandikwa kuwa una vimeng'enya. Hivi huikatakata protini vipandevipande hadi itoke na maji, ila vinahitaji muda, kwa hiyo kuloweka kuna faida kuliko kusugua kwa hasira. Maji yanayochemka huviua.

Uzuri huohuo ndio hatari yake kwa hariri na sufu, kwani nyuzi hizo zenyewe ni protini, na vimeng'enya havichagui. Mtandio wa hariri ufulie sabuni laini ya maji isiyo na vimeng'enya. Ukiikosa, shampuu ya nywele inafaa: unywele nao ni protini.