Nyuzi 10 kusini: namba inayoeleza mvua, korosho na vimbunga vya Mtwara na Lindi

Miaka kadhaa iliyopita niliwekewa mezani faili la mashamba ya korosho ya vijiji vitatu vya Mtwara. Vipimo vilikuwa safi, mipaka imefunga vizuri. Nilipoviingiza kwenye ramani, mashamba yote yakaangukia Afar, Ethiopia, kwenye nyika kame ya wafugaji wa ngamia. Aliyeandika alisahau alama moja tu, ile ya kutoa, inayosema mahali papo kusini mwa Ikweta. Badala ya −10.27 aliweka 10.27, na mikorosho ikavuka Ikweta.

Tangu siku hiyo kila ninapofundisha latitudo naanza na alama hiyo, kwa sababu wengi hukariri namba na kuusahau upande.

Latitudo ni umbali wa mahali kutoka Ikweta, unaopimwa kwa nyuzi kuelekea ncha ya kaskazini au ya kusini. Ikweta ni sifuri, ncha ni 90, na kila nyuzi moja ni takribani kilomita 111. Mji wa Lindi umekaa karibu kabisa na mstari wa nyuzi 10 kusini. Mtwara mjini ni nyuzi 10 na dakika 16 (nyuzi moja ina dakika 60), yaani 10.27. Ufuate mstari huo kwenda magharibi, utapita Zambia, Kongo na Angola, uvuke Atlantiki, uingie Brazil na kuikata hadi karibu na Rio Branco, magharibi mwa nchi hiyo. Ukienda mashariki utaikaribia Kupang, kwenye kisiwa cha Timor, Indonesia. Sisi na wakazi wa miji hiyo, jua hutupita utosini karibu siku zile zile.

Kwetu hutokea mara mbili kwa mwaka, takribani tarehe 21 Oktoba na tarehe 21 Februari. Simamisha fimbo iliyonyooka uwanjani siku hiyo ya Oktoba, usubiri saa 6 na dakika kama 4 mchana. Kivuli kitajikusanya kwenye shina la fimbo hadi usikione. Kwa miezi minne inayofuata, kivuli cha adhuhuri kitalala upande wa kaskazini, maana jua lipo kusini yetu.

Ukanda wa mvua hulifuata jua, kwa kuchelewa kidogo. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, hivyo kati ya jua kupita likienda kusini na kupita likirudi kuna miezi mitano. Ukanda unapita, unasogea mbali, kisha unarudi, na watu wa Tanga wanapata vuli na masika. Huku kwetu kwenda na kurudi kumekaribiana zaidi, mvua zikaungana kuwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada yake ni kiangazi kirefu, na mkorosho unakipenda: unachanua kukiwa kukavu, na kufikia Oktoba watu wamejaa mashambani wakiokota.

Sasa vuka Ikweta uende umbali uleule upande wa pili. Korhogo, kaskazini mwa Côte d'Ivoire, ipo nyuzi 9 na nusu kaskazini. Nayo ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na nayo ni nchi ya korosho. Ila kalenda imegeuka: mvua zao ni wakati wa kiangazi chetu, na mavuno yao huanza Februari, minada yetu ikiwa imepoa. Ndiyo maana korosho yetu ghafi huingia sokoni wakati ya Afrika Magharibi imepungua. Naliona hili kuwa jambo kubwa, na ningependa kila mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alijue.

Latitudo haielezi kila kitu. Kilwa na mlima Huascarán wa Peru vipo karibu nyuzi 9 kusini vyote viwili. Kilwa watu wanavua ngisi, Huascarán una theluji mwaka mzima kwa sababu ya kimo chake cha mita 6,768.

Kuna habari nyingine ndani ya namba yetu, na hii ni ya usalama. Kimbunga huhitaji msukumo wa dunia inavyojizungusha ili kianze kuzunguka, na msukumo huo ni dhaifu mno karibu na Ikweta; ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5. Sisi tumeshatoka humo. Antsiranana, kaskazini mwa Madagaska, kisiwa kinachopigwa na vimbunga, imetuzidi nyuzi 2 tu kwenda kusini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa.

Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kimbunga kipo nyuzi 13 kusini, moja kwa moja kusini mwa pwani yetu, usingoje ramani ya runinga. Toa 10.27 kwenye 13, upate 2.73. Zidisha kwa 111. Kitovu chake kipo takribani kilomita 300 kutoka Mtwara, na kikitembea kilomita 15 kwa saa kuja kaskazini, una chini ya saa 20 za kuvuta mashua juu na kuwatoa watu mabondeni, maana upepo na mvua hutangulia kitovu.