Lambo halichimbwi popote tu: dhana potofu kuhusu kuvuna maji ya mvua Karamoja

"Mvua yenyewe hakuna, tutavuna nini?" Kauli hii husikika sana Moroto na Kotido, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na si kweli. Sehemu kubwa ya Karamoja hupata kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita za mraba 40, mvua ikiwa milimita 600, hupokea lita 24,000 kwa mwaka. Shida ni kwamba mvua hiyo hushuka kwa vishindo, ikajaza makorongo na kukimbilia magharibi kwenye vinamasi vya Teso, huku mifugo ikibaki na kiu.

Dhana inayotia hasara kuliko zote ni hii: chimba lambo, yaani bwawa la kuhifadhi maji ya mvua, palipo bondeni, maji yatakuja yenyewe. Kuja yatakuja, lakini je, yatakaa? Mchanga na kokoto huyanywa yote. Kabla ya kuita tingatinga, chimba shimo la majaribio hadi kina cha lambo unalolitaka. Chukua udongo wa chini kabisa, uloweshe, uviringishe kwa viganja uwe kamba nyembamba, kisha uikunje. Isipokatika, mfinyanzi upo. Ikimeguka, tafuta pengine, hata kama kila mtu ameshapapenda hapo. Udongo mweusi wa mbuga nao una tabia yake: sakafuni hushika maji vizuri, lakini tuta lililojengwa kwa udongo huo hupasuka kiangazi, na mvua ya kwanza hupenya kwenye nyufa.

Wengine hukimbilia mguuni mwa mlima mkali wakidhani ndiko kwenye maji mengi. Mengi ni kweli, ila huja na mchanga na mawe, na lambo hujaa tope mapema. Kwa mashamba, mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa mwaka 1991 haupendekezi kuvuna maji pale mteremko unapozidi asilimia 5.

Na upana si ukubwa. Jua la kiangazi huweza kunyonya milimita 6 kwa siku. Kwa siku 150 hiyo ni sentimita 90. Lambo pana la kina cha mita 1 karibu limekwisha hapo, kabla hata ng'ombe hawajanywa! Afadhali eneo linaloruhusu kuchimba kwenda chini.

Ramani za setilaiti? Zinasaidia sana kuonyesha mteremko na mikondo. Lakini hazisemi dimbwi gani hukauka mwisho, wala malisho yale ni ya nani. Hayo wanayajua wazee wa ufugaji na kina mama wachota maji. Waulizwe kabla alama ya kwanza haijapigwa ardhini, na siku ya mvua kubwa mwende pamoja mkaone maji yanapita wapi.