Bao halirudishi maneno

Juzi tena. Binti wa mzee mmoja, fundi cherehani aliyepatwa na kiharusi, alichungulia mlangoni, akaona dadu na karata mezani, akanivuta pembeni. "Dokta, samahani. Baba hajaja hapa kuchezeshwa. Kwani ndiyo amerudi utotoni?" Wiki hiyohiyo shemeji wa mgonjwa mwingine akaja na lake: kwa kuwa michezo inatibu, wamemnunulia mgonjwa bao, anashinda nalo barazani, sasa nauli ya kuja kliniki ya nini?

Mmoja anadharau mchezo, mwingine anauabudu, na wote wamepotea njia ileile. Nitaeleza mara ya mwisho (najidanganya).

Afasia, yaani kupotewa na maneno, ndiyo ninayoitibu, na si wazimu wala utoto. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa wengi kinachovurugika ni njia ya kulifikia neno. Akili imo, aibu imo, hasira imo tele. Huyo fundi tukicheza bao, kwenye namua, awamu ya kuingiza kete, hukaa kimya kama anasubiri kivuko, tukiingia mtaji, awamu ya pili, ananimaliza. Kete 64, hesabu zote kichwani, na neno lenyewe "kete" halimtoki. Kwa hiyo kumwonyesha binti kwamba baba yake yupo, bao linatosha. Kurudisha maneno ni habari nyingine, kwa sababu bao unaweza kulicheza tangu alasiri hadi magharibi usifungue mdomo.

Mchezo unaofaa ni ule usiosogea mpaka mtu aseme. Wanakaa wanne. Karata za picha ziko jozijozi, na katikati ya meza nimesimamisha kadibodi ya katoni la sabuni ili mtu asione za mwenzake. Unayo sindano, pacha wake yuko kwa mmojawapo ng'ambo. Omba. Ukinyoosha kidole hakionekani. Basi.

Sasa dadu, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wa mazoezi wananipandisha presha. Mgonjwa anatupa, inatoka nne, anasogeza kitufe: "moja, mbili, tatu, nne." Mwanafunzi anaandika kwenye faili: *anataja namba*. Hataji namba! Anaimba. Mfuatano uliokaririwa tangu utotoni hutoka wenyewe, kama "marahaba", kama dua, kama tusi (mama mmoja mcha Mungu alitutukana vizuri sana wiki ya pili, familia ikazimia kwa aibu). Mfunikie kitufe, muulize tu dadu imesema ngapi. Ataanza "moja…" kimoyomoyo, midomo ikicheza, apande ngazi mpaka afike nne. Siku atakayosema "nne" bila kupitia moja, andika. Kabla ya hapo usiandike kitu.

Na karata zenyewe zina mtego. Nilianza na za rangi za dukani, bluu na kijani, nikawa najinyima. Kikombe bluu, ndoo bluu, jiwe bluu: rangi haibadiliki, hainyanyuki kwenye kiti. Sasa napaka nyeupe, nyeusi na nyekundu tu. Kikombe cheusi, ndoo nyeusi, jiwe jeusi. Hapo mtu lazima aibebe ngeli mpaka mwisho wa ombi lake, na ngeli ndiyo inayowaponyoka wengi wangu hata jina likishapatikana. Akisema "kikombe nyeusi" simkatizi. Mwenzake anampa karata, na mimi narudia kama naongea na ukuta, "haya, kikombe cheusi kimeenda."

Ndugu wanaokaa nyuma na kunong'ona jibu nawatoa nje. Kwa adabu, lakini nawatoa.

Mbinu hii ya kizuizi, ile kadibodi ya katikati, si yangu. Mwaka 2001 mtafiti wa ubongo Friedemann Pulvermüller na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 17 wenye afasia ya muda mrefu. Waliocheza karata za namna hii kila siku, kwa muda wa saa tatu hadi nne, kwa siku 10, waliendelea kuliko waliopata tiba ya kawaida. Lakini hao wengine saa zao, karibu zilezile, zilitandazwa kwa wiki kadhaa. Basi kilichowasaidia ni karata, au ni kubanwa siku 10 mfululizo? Ubishi huo haujafungwa. Mimi wagonjwa wangu nawapata Jumanne, kwa muda wa saa moja na nusu, mvua ikiruhusu. Kusema kweli kuna siku nashuku kwamba ninachogawa pale ni watu wa kukaa nao, watu wasiokumalizia sentensi. Na wapo wanaoomba sindano vizuri mezani kwangu, wakifika nyumbani wanaashiria chumvi kwa kidevu. Hilo bado linaniuma, sina dawa yake zaidi ya kuweka chumvi kwenye karata.

Jumanne iliyopita fundi alihangaika karibu dakika nzima. "Si… sin… sindano. Nyeusi." Mezani kimya. Karata ilikuwa kwa mama muuza vitumbua, mimi naiona kutoka nilipokaa. Mwezi wake wa kwanza hapa mama huyu alikuwa na neno moja tu, "eeh". Akazitazama karata zake polepole, akaibana ile ya sindano kifuani, akasema, "Mimi sina. Muulize huyo."

Nikaandika.