Kabla hujamwombea mgonjwa, muulize anataka nini

Miaka 11 sasa nazunguka wodi za hospitali hapa Mombasa kama mchungaji wa wagonjwa, na swali ninaloulizwa sana na vijana wa kanisani ni hili, pasta, mtu yuko kitandani, ana maumivu, hana hata ya chai, hapo nianzie wapi kumwambia habari za Yesu? Halafu kuna wale wanaouliza kwa upande mwingine, si tumpe tu sabuni na maziwa tuende zetu, kwani lazima Yesu atajwe? Yote mawili nataka niyajibu leo.

Nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kulikuwa na mzee mmoja wa upande wa Kaloleni, mgema, alikuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika paja. Mguu umefungwa na kamba inavutwa na mzigo pale mwisho wa kitanda, yaani ata kugeuka hawezi. Nikafika na Biblia yangu, nikasimama hapo juu yake nikaomba kwa sauti, robo saa nzima, wodi yote ikanyamaza. Nilipomaliza akaniambia polepole, "Mwanangu, maombi ni mazuri, lakini simu yangu imezima tangu juzi na mama watoto hajui niko wapi."

Soketi ilikuwa nyuma ya kitanda. Chaja ilikuwa iko juu ya kabati, waya umekunjwa vizuri, ni vile mkono wake tu haukufika, na mimi muda wote huo naomba nilikuwa nimesimama karibu nayo kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeishika. Nikachomeka. Tukangoja ile simu iwake, akapiga, akaongea Kigiriama na sauti ikawa inamkatika, na alipomaliza akaiweka kifuani akasema, "Haya, sasa omba." Maombi ya pili yalichukua dakika moja hivi, na mpaka leo naamini hayo ndiyo aliyoyasikia.

Tangu siku hiyo Marko 10 naisoma tofauti kabisa. Bartimayo ni kipofu, kila mtu Yeriko anajua ni kipofu, amekaa kando ya njia anaombaomba, na bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Angeweza kukisia. Hakukisia, alimwachia yule mtu aseme mwenyewe. Mtu akishalazwa hospitali kila kitu anaamuliwa na wengine, saa ya kula, saa ya kuoga, nani amshike wapi, kwa hivyo ukimuuliza anataka nini ukatulia umsikilize, ushaanza kumwonyesha huyo Mungu unayetaka kumhubiri. Na majibu yenyewe si yale tunayoyatarajia. Mara nyingi ni nauli ya dada yake aje kutoka Likoni, ni mtu wa kumsaidia kujisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, maana fomu iko kwa simu na simu hana, au ni bili, ameruhusiwa kutoka lakini hawezi kutoka. Mama mmoja alitaka tu nimtafutie uji usio na sukari.

Yakobo aliyasema haya bila kuzunguka, ukimwambia mtu "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" na humpi mahitaji ya mwili, yafaa nini?

Lakini kuna kitu kibaya zaidi ya kutotoa, nacho ni kutoa kama chambo. Nimeona mahali watu wa njaa wanakalishwa saa mbili juani wasikilize mahubiri ndio unga ugawiwe mwisho, na nimeona kikundi kinaingia wodini, kinauliza "umeokoka?" halafu kinapita kitanda baada ya kitanda kikichagua wa kumpa mkate. Ndugu zangu, hili sikubaliani nalo ata kidogo. Mtu wa sokoni Kongowea ukimhubiria asipotaka ataenda zake, ana miguu. Huyu wangu wa kitandani ataenda wapi, na sindano ya maji iko mkononi? Akisema "amina" kwa sababu ya mkate hujui amesema kwa nani. Ata Katiba yetu Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, ila kwangu mimi sababu ni ya zamani kuliko Katiba, maana katika Luka 17 Yesu aliponya wenye ukoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, na wale tisa hakuwarudishia ukoma wao.

Na huku pwani tuna historia yetu, tuijue. Kila siku makanga wanaita "Kengeleni, Kengeleni" na sisi tunashuka tunavuka barabara bila kuitazama ile kengele ya Frere Town, hapa hapa Mombasa. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani, na kengele ilikuwa ya kuwaonya, hatari inakuja. Kule Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianza misheni miaka ya 1840, waliokimbia utumwa walijificha mpaka mabwana zao wakaja juu wakitaka kuwachukua kwa nguvu, na mwanzoni mwa 1889 ndipo fidia ikalipwa na zaidi ya watu 1,000 wakapewa hati zao za uhuru. Sisemi wamishenari hawakuwa na makosa, walikuwa nayo mengi. Ila mtu aliyesikia Injili pale aliisikia kutoka kwa mahali palipomficha.

Halafu 2023 ikaja Shakahola, ambako mhubiri alishtakiwa kuwaambia waumini wafunge mpaka wafe, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kule Kilifi, na tangu hapo ukijitambulisha kwamba wewe ni pasta kuna mtu atavuta shuka mpaka kidevuni. Mimi siwalaumu. Navuta kiti nakaa, macho yangu yalingane na yake, nasema jina langu, nauliza kama naweza kukaa, na akisema hapana nasema asante naenda. Kitanda cha pili mara nyingi ni Muislamu, huyo naye namsalimia vile vile, akitaka imamu namtafutia imamu, na akitaka nimchajie simu ni kazi ile ile.

Sasa wale wa "tusimtaje Yesu". Hapana jamani. Mimi naamini amefufuka, nikinyamaza kabisa nitakuwa namnyima mtu kitu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo. Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Angalia hapo, kumjibu. Na watu huuliza, mkae mkijua! Ukija Jumanne, ukaja na Jumanne ya pili, ya tatu atakuuliza wewe unanijia kwani mimi ni nani wako? Hapo sasa sema, kwa maneno yako, kifupi, ni nani alikujia wewe ulipokuwa chini, na umuulize yeye anaonaje. Usimalize kila kitu siku hiyo, ana dawa za saa kumi, atachoka.

Wanaotaka kuungana nasi, tunaingia Jumanne saa nane mchana. Nawa mikono mlangoni, spika iache nyumbani, na kama una chaja ya zile simu za batani za zamani njoo nayo, hizo ndizo huwa hazipatikani wodini.