Wati mwisho: kujua kama pawa saplai mpya itaingia

Mtu akifiwa na pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Ya zamani ilikuwa wati 300. Nikiweka ya 500 haitaniunguzia kompyuta?" Haitaunguza. Kompyuta huvuta umeme inaouhitaji tu. Hiyo 500 ni kikomo cha kinachoweza kutolewa, na mashine inayotumia wati 120 itaendelea kutumia 120. Akishalipata jibu hilo anakwenda kununua, kisha anarudi na pawa saplai nzuri kabisa ambayo haiingii kwenye kasha, au inaingia lakini plagi zake hazina pa kuchomekwa. Ndiyo maana mimi wati nazihesabu mwisho.

Anza na umbo. Chomoa waya ukutani, fungua kasha, chukua rula. Kasha la kawaida la mezani hutumia umbo la ATX, lililotolewa na Intel mwaka 1995: upana milimita 150, kimo milimita 86. Vipimo hivyo viwili havibadiliki. Kinachobadilika ni kina, yaani urefu wa kuingia ndani. Milimita 140 ndiyo iliyozoeleka, lakini zenye wati nyingi hufika 160, 180 na kuendelea, na huko mbele huwa kuna kreti ya diski inayoingojea. Kama waya zake ni za kuchomoa, yaani zinabanduka kwenye pawa saplai yenyewe, plagi nazo zinataka nafasi, na waya hazipindi papo hapo. Mimi huongeza sentimita tatu kwenye kina kilichoandikwa kabla sijasema itaingia.

Makasha madogo yana maumbo yake. SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. TFX, ile nyembamba ndefu ya kompyuta za ofisini zilizolala, ni takriban 85 kwa 65 kwa 175. SFX unaweza kuifunga kwenye kasha la ATX ukipata bamba lake la kuunganishia. ATX ndani ya kasha la SFX, sahau. Angalia pia mashimo ya skrubu. Kwenye ATX yapo manne na hayajakaa mraba kamili, kwa hiyo picha moja ya mgongo wa ile ya zamani, ukiiweka kando ya picha ya ile unayoitaka, hukuonyesha mara moja kama mashimo, feni na soketi ya waya wa ukutani vinakaa mahali pamoja.

Umbo likikubali, nenda kwenye plagi, na hapa usiwe na haraka.

Plagi kubwa ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, siku hizi ina pini 24. Mazabodi za zamani zina 20, na pawa saplai nyingi huja na plagi ya 20 yenye kipande cha 4 kinachobanduka, hivyo hapo hakuna shida. Shida ni kompyuta za kampuni kubwa, zile zinazouzwa zikiwa zimeshaundwa. Ukifungua nyingi za miaka hii utakuta plagi ya pini 6, 8, 10 au 14. Kwa kawaida hizo hupokea volti 12 peke yake. Volti 5 na 3.3 hutengenezwa na mazabodi yenyewe, na ndiyo maana waya za diski zinatoka kwenye mazabodi badala ya kutoka kwenye pawa saplai. Intel nao wana mpangilio wa namna hiyo wenye pini 10, ATX12VO. Lakini usidhani kila plagi ya pini 10 ni hiyo. Plagi mbili zinaweza kulingana idadi ya pini na umbo la plastiki, waya za nyuma zikawa zimepangwa tofauti kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliuzwa kompyuta zenye plagi ileile ya ATX kwa macho, pini 20, lakini mtengenezaji alikuwa amezipanga waya anavyotaka mwenyewe. Aliyechomeka ya kawaida aliunguza.

Kwa hiyo soma rangi. Kwenye plagi ya kawaida ya pini 24, tafuta waya wa kijani. Ni mmoja tu, ndio unaoiamuru pawa saplai iwake. Safu yake inapaswa kwenda hivi: chungwa, bluu, mweusi, kijani, weusi watatu, tundu lililo tupu (kwenye za zamani lilikuwa na mweupe), wekundu watatu, mweusi. Safu ya pili ina waya mmoja wa zambarau, ule wa volti 5 zinazobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa, na wa kijivu kando yake. Ile ya zamani ikifuata mpangilio huo, uko kwenye ATX halisi. Kama waya zote ni nyeusi, rangi hazikusaidii. Tafuta mchoro wa pini wa modeli hiyo au upime kwa maltimita.

Plagi ya prosesa yenye pini 8 na ya kadi ya grafiki yenye pini 8 nazo hufanana. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2, na waya za volti 12 na za ardhi (zile nyeusi) zimekaa kinyume. Isipoingia kwa mkono mwepesi, si yake.

Halafu waya za kuchomoa. Usibakize waya za zamani ndani ya kasha ati kwa sababu zimeshapangwa vizuri. Upande wa mazabodi na diski una viwango. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna, kila kampuni ina mpangilio wake, na hata kampuni moja inaweza kuubadilisha kati ya modeli na modeli. Diski iliyokuwa ikisubiri volti 5 hupewa 12 na hapo ndipo safari yake inaishia. Toa zote, tumia zilizokuja ndani ya boksi.

Sasa wati. Namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi naiacha, nasoma jedwali la lebo, safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka hapo. Ampea mara 12. Nimeona lebo za wati 500 zenye ampea 25 tu kwenye volti 12: hizo ni wati 300. Chukua prosesa ya wati 65 na kadi yenye plagi moja ya pini 8. Kwenye sloti ya mazabodi kadi inaruhusiwa kuvuta wati 75, kwenye plagi 150, jumla 225. Ongeza 50 za feni, diski na mengineyo, unafika 340. Ile "500" haitoshi. Nembo ya 80 Plus yenyewe inahusu umeme unaopotea kuwa joto, haikuambii lolote juu ya kuingia.

Kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, iweke sawa na umeme wa ukutani kabla ya kuwasha.

Na ukikuta mashine yako ni ya plagi ya kampuni, tafuta kwa namba ya kipuri iliyo kwenye lebo, si kwa wati. Adapta za kutoka pini 24 zipo. Ila mashine nyingine hutaka volti 12 hata zikiwa zimezimwa, wakati ATX wakati huo hutoa 5, kwa hiyo adapta yake lazima iwe na kibao kidogo cha saketi cha kupandisha hizo volti. Kwa mashine ya aina hiyo, adapta ya waya tupu siigusi.