Mgongo uliopinda ndani ya kompyuta: mfupa sio shida, shida ni uzito

Watu wakiona modeli ya mgongo wenye skoliosisi, yaani uliopinda pembeni, kwenye skrini yangu swali la kwanza huwa ni umezichoraje hizo pingili zote, 12 za kifuani na 5 za kiunoni, na mimi nawajibu pingili ndo sehemu nyepesi. Unachukua CT skani, unatenganisha mfupa na nyama, unaugawa vielementi (vipande) vidogo vidogo ili kompyuta ivipigie hesabu, unaupa ugumu wake, ganda la nje mara nyingi megapaskali 12,000 hivi (megapaskali ndo kipimo cha ugumu), basi. Diski, ile pedi laini kati ya pingili na pingili, ndo inasumbua. Ule mzingo wake wa nje una nyuzi zilizolala mshazari, digrii 30 hivi, safu moja inaelekea huku inayofuata inaelekea kule, na nyama inayozishika tunaipa megapaskali 4 tu, sasa ukikosea mwelekeo wa hizo nyuzi mgongo mzima unakaza au unalegea na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa hapo.

Ila kinachoniuma zaidi ni uzito wa mwili. Pembe ya Cobb, yaani digrii za mkunjo wa mgongo, hii tunayopima tangu 1948, inapimwa kwenye eksirei mtu akiwa amesimama. CT mtu amelala, na akilala mkunjo unapungua kwa sababu kichwa na kifua havimkandamizi tena. Sasa mtu anachukua lile umbo la kusimama, analiingiza kwenye programu halafu anawasha graviti, yaani uzito wa mwili. Umemtwisha mzigo mara mbili! Umbo la eksirei lilishabeba uzito tayari, diski upande wa ndani wa mkunjo zilishabanwa kabla hujagusa kitu.

Mimi naanza na umbo la kusimama, naelekeza graviti juu badala ya chini, mgongo unarefuka kidogo, hilo ndo nalichukua kama umbo lisilo na mzigo. Kisha naurudishia uzito nione kama unakaa sawa na eksirei. Mara ya kwanza haukai. Narekebisha, narudia, mpaka pembe ikubali na lile zungusho la pingili ya kileleni, ile iliyo kwenye ncha ya mkunjo, nalo likubali (hili la zungusho wengi hawaliangalii kabisa, na wakati skoliosisi sio kupinda pembeni tu).

Nahangaika hivi kwa sababu kwa mtoto anayekua, upande wa pingili unaobanwa sana unakua polepole na uliolegea unakua haraka, ndo kanuni ya Hueter na Volkmann, kwa hiyo pingili inageuka kabari, kabari inaongeza mkunjo, mkunjo unaongeza mbano. Ukikosea mbano wa siku ya kwanza halafu ukaikuza modeli miaka miwili mbele, kosa nalo linakua. Hata ukijaribu mkanda wa kunyoosha mgongo, unachotaka kujua ni ule mbano wa ndani umepungua kiasi gani, maana mgongo unaweza kuonekana umenyooka na pingili bado inabanwa upande uleule.

Kwa hiyo mtu akinionyesha modeli yake, kabla ya zile rangi zinazoonyesha presha ndani ya pingili namwomba kwanza anionyeshe umbo lisilo na uzito. Likiwa ni lilelile la eksirei, tunakaa chini tunaanza upya.